Mabomba ya Shaba, Maji ya Chumvi

Mitcham, Adelaide
3 Novemba 1985

Mpendwa Baba,

Hujambo? Na Shangazi Elva naye? Natumaini hujaanza kumwelekeza jikoni kwake, maana atakufukuza na mwiko, na mimi sitakutetea.

Kuna jambo nimekuficha, na kwa kuwa Pina wa jirani ameapa kwamba nisipokwambia atakupigia simu mwenyewe, bora ulisikie kwangu. Nilianguka. Usishtuke, sijavunjika popote. Nilikuwa nimebeba ndoo ya klorini kutoka kibanda cha pampu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na huu mguu wangu wa polio ukanigeuka. Nikaenda chini pamoja na ndoo. Unga ulimwagika wote, nikavuta vumbi lake, nikakohoa mpaka macho yakaona giza. Pina ndiye aliyeruka uzio akaniburura hadi kwenye nyasi, na umri wake ule na sketi yake ile.

Daktari amenikalisha chini kama mtoto. Anasema mapafu yangu hayana akiba tangu ule ugonjwa, na vumbi kama lile likiniingia tena huenda nisiamke. Nikamwuliza, basi niache kuogelea? Akasema la, nikiacha kuogelea nyonga itakaza na kifua kitalala, na kabla baridi ijayo haijaisha nitakuwa nimerudi kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo nisiguse ndoo, na nisiache bwawa. Haya, niambie wewe mtu afanye nini hapo.

Kwa Pina wamefunga mashine ya chumvi. Unamwaga chumvi bwawani, si nyingi, ukionja ni kama machozi tu. Maji yakipita ndani ya mashine, umeme unaitengeneza klorini humo humo bombani. Hakuna ndoo wala unga. Nimeogelea kwao nikatoka sijakohoa.

Basi nikamwita Kostas, yule mwenye duka la vifaa vya mabwawa, aje aone la kwetu. Alipoona mabomba yako alipiga mluzi. Akasema shaba na mashine hii haviwezi kukaa nyumba moja, chumvi itaila. Nifukue yote niweke plastiki kwanza. Nikamshukuru nikamwonyesha mlango.

Baba, mabomba hayo uliyapinda kwa mikono yako mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, Mama akiwa ameshika ncha ya pili. Nakumbuka ulikataa kukata na kuunga kona, ukawa unapinda shaba nzima, ukisema maji hutorokea kwenye maungio. Sitayafukua ili nipate starehe yangu. Nitaendelea na ndoo, nitajifunga kitambaa puani. Nilitaka tu ujue.

Mwanao akupendaye,
Merle


Moonta
9 Novemba 1985

Mwanangu Merle,

Kitambaa puani! Nilimsomea shangazi yako mstari huo, akacheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka.

Sasa nisikilize. Huyo Kostas anauza plastiki. Muuza plastiki akiona shaba, ulitaka apige nini kama si mluzi? Mimi ni Nankivell wa Moonta. Babu yako aliichimba shaba, baba yake aliichimba huko Cornwall kabla hajapanda meli, na mimi nimeishika tangu sijaota ndevu. Kuna mtu gani Adelaide wa kunifundisha mimi shaba? Ile niliyolaza hapo ni nene, ya zamani, si hii ya siku hizi ambayo unaikunja kwa vidole. Chumvi haiiwezi. Mwite Kostas, mwambie Hedley Nankivell amesema afunge mashine, na asifukue kitu.

Ila afunge ninavyotaka mimi. Mashine ikae mwisho kabisa, baada ya chujio na baada ya hita, ili yale maji makali yanayotoka humo yaende moja kwa moja bwawani. Asidi ya kusawazisha maji uimimine upande wa kina, kidogo kidogo, mbali na tundu linalovuta maji. Usiimwage karibu na mdomo wa bomba hata siku moja, hata kama una haraka. Na waya wa ardhini aufunge kwenye bomba lenyewe.

Halafu uingie majini kila asubuhi, usiruke siku. Kwa sababu hiyo tulichimba shimo lile mimi na wenzangu wa kwaya, na wala hatukulichimba kwa ajili ya mabomba. Nikisikia tena habari za ndoo nitapanda basi nije nikuchape, na wewe huwezi kukimbia.

Mwandiko usikutishe, meza ya Elva inayumba. Hewa ya bahari inanipendeza. Jumapili niliimba besi kanisani na mchungaji akasema madirisha yalitetemeka.

Baba yako,
H. Nankivell


Mitcham
15 Desemba 1985

Mpendwa Baba,

Imefungwa! Kostas alinung'unika kutwa nzima, lakini amefuata kila neno lako. Alipomaliza alitaka nikubali mbele ya Pina kwamba alinionya. Nikakubali, Pina akawa shahidi, tukampa kahawa akaenda zake.

Baba, nimesahau mara ya mwisho kuvuta pumzi hivi. Naogelea kwenda na kurudi na sipumziki ukutani. Natoka majini napanda ngazi bila kushika reli, jana nilifika hadi jikoni ndipo nikakumbuka kwamba fimbo yangu nimeiacha bustanini. Wanafunzi wangu wa piano wamegundua siku hizi sikohoi tena katikati ya somo, na wale wavivu wamesikitika maana kikohozi kilikuwa kinawapumzisha.

Ulikuwa sahihi, nami nilikuwa mjinga wa kitambaa. Nilipokuwa naelea asubuhi ya leo nilifikiria yale mabomba yako chini ya njia ya matofali, jinsi yanavyonifanyia kazi miaka yote hii bila mtu kuyaona. Nikasema asante kwa sauti. Pina alikuwa anaanika nguo, akadhani nazungumza naye.

Krismasi siji kwa sababu ya joto na safari, lakini natuma keki. Mpe Shangazi kipande kikubwa kabla hujaanza wewe.

Merle wako


Moonta
4 Januari 1986

Mwanangu,

Keki ilifika, imeliwa, na shangazi yako anasema zabibu zilipungua. Usimjali. Yeye naye alitengeneza pasti za Krismasi, zile za unga zenye nyama na viazi ndani, akachora herufi ya kwanza ya jina la kila mtu kwenye pembe ya unga kama alivyofanya mama yetu, na akachora na ya kwako. Tuliila pamoja kwa niaba yako.

Nimefurahi kuhusu ngazi. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi.

Nakuuliza tu, kwa kuwa mzee hana kazi: maji yana rangi gani? Ukiona buluu kidogo usikimbilie kwa Kostas, bwawa huchukua rangi ya mbingu. Na kingo za ukuta ukiona madoa, ni uzee wa saruji. Usizime mashine kwa sababu ya vitu vidogo kama hivyo. Unanisikia? Usiizime.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa na mafua. Yameisha.

Baba


Mitcham
16 Februari 1986

Mpendwa Baba,

Maji ni meupe, safi kama glasi. Ukuta ni mweupe vilevile. Kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Joto huku limetubana lakini bwawa linatuokoa, mimi na Pina na wajukuu wake.

Samahani barua ni fupi, wanafunzi wana mtihani.

Merle


Mitcham
16 Februari 1986

Mpendwa Shangazi Elva,

Bahasha hii nimeiandika jina lako peke yako. Tafadhali isome ukiwa jikoni, na Baba asiione.

Nimemwandikia leo hii uongo mtupu. Maji yamegeuka kijani, Shangazi. Si ya mwani, hayana utelezi, yanaonekana mpaka chini, lakini ni kijani. Kuta zina michirizi ya buluu chini ya kila tundu la maji. Na mimi nywele zangu, unajua zilivyo nyeupe, zimekuwa kijani kuanzia shingoni. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ni samaki. Pina anataka kunipaka nyanya za kopo kichwani, anasema kwao ndiyo dawa.

Wiki iliyopita hita ilianza kuvuja. Kostas akaifungua, akanionyesha koili ya shaba iliyokuwa ndani. Alibonyeza kwa kidole gumba tu, kidole kikapita. Akasema mabomba ya chini ya njia yako hivyo hivyo au yanaelekea huko, na kwamba hiyo kijani ninayoogelea ndani yake ni mabomba yenyewe. Kwa kweli hakunisimanga. Alikaa juu ya ndoo akaniambia, "Bibi Merle, baba yako alifanya kazi nzuri. Sijawahi kuona kona kama hizi." Nililia mbele yake na sikuona aibu.

Nimeamua hivi. Mwisho wa mwezi Kostas anakuja kuiondoa mashine. Nitabadilisha maji, nitarudi kwenye ndoo, na mabomba yaliyobaki yatapona. Nitakuwa mwangalifu na vumbi. Yale ni maisha ya Baba, Shangazi. Anajivunia shaba kuliko kitu chochote, na ameniandikia kwa mkono wake kwamba chumvi haiiwezi. Akijua alikosea, na kwamba kosa lake ndilo limeila kazi yake, itamwua. Wewe nisaidie tu kumficha.

Mpwa wako,
Merle


Moonta
21 Februari 1986

Merle,

Ningekupigia simu, lakini simu iko ukumbini na baba yako siku hizi hukaa papo hapo kutwa. Kwa hiyo naandika, nawe unajua ninavyochukia kuandika.

Kwanza, usithubutu kuizima hiyo mashine.

Pili, nimechoka kukaa katikati yenu. Nyumba yangu imejaa siri hata sina pa kuweka sufuria. Wewe unaniambia nimfiche yeye, na yeye kaniambia nikufiche wewe. Sasa nawafichua wote wawili, mkinuna mnune. Baba yako hana mafua. Moyo wake umechoka. Amelazwa hospitali ya Wallaroo mara mbili tangu Krismasi, na sababu ya kuhamia kwangu haikuwa hewa ya bahari. Alijua anakwisha, na hakutaka umwinue kitandani kwa mguu huo. Meza yangu haiyumbi, kamwe haijawahi kuyumba. Anayetetemeka ni yeye. Na kanisani hajaimba tangu Oktoba.

Tatu, na hili ndilo la maana. Unasema alikosea. Hukuwahi kuambiwa alifanya kazi gani kabla hajawa fundi bomba? Si ajabu, ninyi wa mjini hatukuwasimulia. Migodi ilipofungwa vilibaki vile vilima vyekundu vya vifusi, na ndani yake mlikuwa na shaba iliyotawanyika, kidogo hapa kidogo pale. Basi waliyavuta maji ya bahari kwa pampu, wakayatia asidi, wakayamwaga juu ya vilima. Yalipotokea chini yalikuwa ya kijani, yamebeba shaba. Yaliingia kwenye matangi yaliyojaa vyuma chakavu, shaba ikashikamana na chuma, maji yakaenda zake. Hedley alifanya kazi kwenye matangi yale ujana wake wote. Alikuwa akirudi nyumbani nywele kijani kuzunguka masikio, na mama yetu akimsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka anapiga kelele. Mji mzima ulijua, ukimwona mtu mwenye nywele za kijani, huyo ni wa matangi.

Sasa nieleze. Mtu aliyekula mkate wake kwa kutoa shaba kwa maji ya chumvi na asidi, asijue chumvi inaifanya nini shaba?

Niliisoma barua yako, nikamwendea pale ukumbini, nikamwuliza usoni. Mwanzo alijifanya hasikii. Nikamwambia nywele zako zimekuwa kijani. Akauliza unapumua vipi. Nikasema unapumua vizuri. Akasema, "Ile shaba niliilaza pale ili aogelee. Kama sasa inabidi iondoke ili aogelee, iondoke." Akaniomba glasi ya maji, akageukia dirishani.

Ndiyo hivyo. Mwandikie mwenyewe, mimi nimemaliza.

Elva


Mitcham
24 Februari 1986

Baba,

Ulinidanganya.

Nimeandika barua hii mara nyingi na nyingine zote nimezichana kwa sababu zilikuwa za adabu. Hii si ya adabu. Ulijua. Ulikaa ukaniandikia kwamba chumvi haiiwezi shaba, ukamtukana Kostas wa watu, ukanipa maelekezo ya asidi ambayo sasa naelewa yalikuwa ya kuchelewesha tu. Ukaniambia habari za mbingu kuakisi majini, kana kwamba mimi ni mtoto. Miezi yote hii nimekuwa nikiingia ndani ya kazi ya maisha yako ikiwa imeyeyuka, na wewe ulijua, na mimi sikujua. Ungeniuliza nami, nisingekubali. Ndiyo maana hukuniuliza.

Na hili la moyo. Mimi si yai. Nilivaa vyuma vya mguu nikiwa na miaka mitano. Nilimuuguza Mama mpaka mwisho na sikuvunjika. Ungeweza kuniambia unaumwa. Ungekaa hapa nyumbani kwako, tungemtafuta mtu wa kukuinua, na jioni ningekupigia piano.

Nimekukasirikia sana, Baba. Nimekukasirikia, na asubuhi hii nimeogelea, na sikukohoa, na sijui niyaweke wapi hayo mawili.

Nakuja. Usiniandikie nisije.

Merle


Moonta
1 Machi 1986
(kwa mkono wa Elva, maneno ya Hedley)

Mwanangu Merle,

Elva anaandika kwa kuwa mkono umegoma. Nimemwonya asiongeze lake.

Kweli nilikudanganya. Ningekwambia shaba italiwa, ungefanya nini? Ungeniandikia tena habari za kitambaa. Ungebeba ndoo mpaka siku Pina achelewe kuruka uzio. Wewe ni Nankivell, nakujua, ungekufa ukilinda bomba. Nilikaa na barua yako ya kwanza siku nzima mapajani. Nikafikiri, hapa ni shaba, hapa ni mtoto wangu. Haikuchukua muda hata kidogo kuchagua. Kilichochukua muda ni kutafuta namna ya kukuandikia ili usichague wewe.

Nilidhani kwa unene ule na nikikuelekeza vizuri ningeisha kwanza mimi kabla haijaisha yenyewe, nawe usingejua mpaka niwe sipo wa kulaumiwa. Nilikosea hesabu. Hita ndiyo iliyonisaliti, sikuipenda tangu mwanzo.

Kuhusu kukuficha moyo, hapo unisamehe. Hilo lilikuwa la mzee kujionea haya. Nisingeweza kuwa mtu unayemnyanyua.

Sasa fukua. Usilie kando ya mtaro, Kostas ana kazi nyingine. Waanze kwenye pembe ya chujio, bomba limelala chini ya safu ya tatu ya matofali, na wakifika karibu na ule mti wa tini wachimbe kwa mkono, hapo nililipinda mara mbili kukwepa mzizi. Kona hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Weka plastiki. Ndiyo, nimesema mimi, plastiki, na Elva ameandika. Weka na hita isiyo na shaba ndani. Mwambie Kostas nilimwita mwongo na hakuwa mwongo.

Ukija niletee ile kona ya mtini. Nataka kuona imefikia wapi.

Na uje na nywele zako kama zilivyo. Elva anasema uvae kofia. Mimi nasema usivae.

Baba


Moonta
6 Aprili 1986

Mpwa wangu Merle,

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, na mimi ninayejidai kupenda kimya nimegundua sikipendi. Kiti chake bado kiko ukumbini. Nakipita kiubavu kana kwamba amekaa.

Nakushukuru ulifika mapema. Yule muuguzi wa Wallaroo amenisimulia ulivyomwekea kona ile kitandani, na jinsi baba yako alivyoingiza kidole ndani akawa anapapasa. Mimi nilikuwa nje natafuta chai, kwa hiyo nilikosa. Anasema alikuuliza ni upande gani ulioelekea bwawani, ukamwonyesha, naye akaishika upande huo mpaka akalala. Niliporudi na chai bado alikuwa ameishika, na usiku ule ndio uliokuwa wa mwisho.

Kuhusu maziko nina mambo ya kukwambia ambayo sikuweza kuyasema mbele ya watu. Nilipokuona umeingia kanisani bila kofia, nywele zile zimeshuka mabegani kijani waziwazi, nilitamani ardhi inimeze. Kina mama wa mbele waligeuka wote. Nikasema moyoni, huyu mtoto ananiaibisha siku ya kumzika kaka yangu. Kisha mzee Garfield Trezise, ambaye haoni vizuri na hasikii kabisa, akakuangalia unapopita, akaniegemea akaniuliza kwa sauti iliyosikika mpaka mimbarini, "Elva, huyu naye alifanya kazi matangini?" Nikamwambia huyu ni binti wa Hedley. Akavua kofia yake. Hakuivua kwa mchungaji, lakini kwako aliivua.

Halafu mliimba. Nilisimama nyuma yako nikisubiri ukohoe, kwa sababu tangu utoto wako sijawahi kukusikia ukimaliza wimbo. Uliimba mpaka ubeti wa mwisho, ule mrefu, na ukaushika mwisho wake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Nimeipata ile pasti uliyoisahau mezani. Nimeila. Ilikuwa na herufi yako lakini ingeoza kabla hujarudi.

Andika. Hata kama huna la kusema.

Shangazi yako,
Elva


Mitcham
11 Mei 1986

Mpendwa Shangazi,

Njia ya matofali imerudishwa. Ile kona ya mtini Kostas aliikata Machi kabla sijaja huko, akaziba pengo kwa kipande cha plastiki; kwa mengine yote yeye na mwenzake walikuja wiki mbili zilizopita, wakaanzia pembe ya chujio kama alivyosema Baba. Nilikaa kwenye kiti nikiangalia. Nililia kando ya mtaro, hapo sikumtii.

Mabomba yalitoka vipande vipande. Mengine yalikuwa mazima kwa kuyaona, ukiyashika yanabonyea. Lakini Kostas alinionyesha kitu nami nakuandikia ili ujue kaka yako alikuwa fundi wa namna gani. Palipovuja ni pale penye koili ya hita, ambayo ilinunuliwa dukani. Kona alizopinda yeye zilikuwa zimekonda, ila hata moja haikuwa imetoboka, na maungio machache aliyoyatia lehemu yalishika mpaka siku ya kufukuliwa. Kostas aliyapanga juu ya nyasi kwa mpangilio uleule waliokuwa nao ardhini, akasimama akayatazama. Nikamwambia kwamba Baba alikiri kuwa yeye hakuwa mwongo. Akasema hilo halina haja, ila angependa kuchukua kipande kimoja akaweke dukani. Nimempa.

Plastiki imelala sasa pale pale, nyeupe, haina uzuri wowote. Maji yamebadilishwa, kuta zimesuguliwa. Bwawa ni jeupe, safi kama glasi. Niliwahi kuandika maneno hayo hayo nikidanganya, na leo nimeyaandika ya kweli nikaona hayanifurahishi kama nilivyotarajia. Asubuhi ya kwanza niliingia nikaona maji ni maji tu. Niliogelea hata hivyo. Nimeogelea kila siku, na baridi hii ilivyoanza, Pina ananitazama dirishani akijifunika shali na kutikisa kichwa. Daktari amenisikiliza kifua akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia baba yangu alinitengenezea.

Pina amekuja na makopo yake ya nyanya tena. Na mwanamke anayenikata nywele naye anataka kunikata mpaka shingoni, anasema kijani ikishaingia haitoki, na kwamba nywele mpya zitaota nyeupe, nitaonekana vizuri kwa majira ya joto. Nilikaa kwenye kiti chake, amenifunga kitambaa, ameshika mkasi. Nikashika ncha za nywele zangu nikazitazama. Mabomba yamekwenda kwa muuza vyuma chakavu, Shangazi. Kona ya mtini tumemzika nayo. Maji yale yalimwagwa. Kilichobaki cha shaba ya Baba ulimwenguni ni hiki kilichomo kichwani mwangu na kipande cha Kostas.

Nikamwambia apunguze kwa mbele tu, ili nione noti zangu. Kwa nyuma aziache hivyo hivyo mpaka zitakapoisha zenyewe.

Nakuja Moonta likizo ya Agosti. Unitengenezee pasti, na kofia sivai.

Mpwa wako,
Merle